Mwami Hawekwi na Mtu Mmoja: Namna Bami Wanavyosimikwa Huku Kivu, na Kwa Nini Jambo Hilo Linagusa Amani Yetu

Mwami anapofariki, mambo mawili huanza kwa pamoja: matanga na maswali. Nani atakaa kitini? Nani ana haki ya kumweka? Je, serikali itamtambua? Maswali hayo yakijibiwa vizuri, matanga huishia kwenye sherehe kubwa ambayo watoto wataisimulia mpaka uzeeni. Yakijibiwa vibaya, vijiji hugawanyika, vijana hushika silaha, na familia ambazo hazina ukoo wowote na kiti hicho ndizo zinazobeba magodoro kichwani na kukimbia.

Ndugu msomaji, katika toleo hili tunapenda kueleza desturi za kusimikwa kwa Bami (ndio wingi wa Mwami), hasa katika Kivu Kusini, na jinsi wakaaji wanavyozisherehekea. Tunafanya hivyo kwa sababu vijana wengi, na hata watumishi wengi wa mashirika, wanaona sherehe tu: ngoma, ng'ombe na ngozi ya chui. Hawaoni kwamba nyuma ya sherehe kuna mpango wa zamani wa kugawana kazi na heshima kati ya koo nyingi. Mpango huo una fundisho kwa kila mtu anayejenga amani.

MWAMI NI NANI?

Cheo cha Mwami kinajulikana kwa Bashi, Bahavu, Bafuliru, Bavira na Banyindu, na upande wa kaskazini kwa Bahunde, Banande na Banyanga. Majirani zetu pia walikuwa na Bami: Rwanda ilimaliza ufalme mwaka 1961, na Burundi mwaka 1966. Kwetu ufalme mdogo mdogo haukufutwa. Uliingizwa ndani ya utawala wa serikali, na eneo la Mwami likaitwa sheferi. Wazee bado husema usultani.

Katika wilaya ya Kabare kuna sheferi za Kabare na Nindja. Walungu ina Ngweshe na Kaziba. Kalehe ina Buhavu na Buloho. Kisiwa cha Idjwi kina Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Uvira ina Bafuliru, Bavira na Bonde la Ruzizi. Mwenga ina Luhwinja, Burhinyi, Lwindi, Basile na Wamuzimu. Masimulizi ya nyumba kadhaa za kifalme katika sehemu hizi yanarudi mahali pamoja, yaani Lwindi, ambako mababu waliondoka na kutawanyika. Kwa hiyo Bami wengi wanaogombana leo kuhusu mipaka ni ndugu kwa asili.

Katika nyumba nyingi jina la kiti ni kubwa kuliko jina la mtu. Anayekaa kitini Kabare anaitwa Kabare, na wa Walungu anaitwa Ngweshe. Naluhwinja maana yake ni mwenye Luhwinja, na Nalwindi ni mwenye Lwindi. Watu hupita, jina hubaki.

Mwami si mapambo. Chini yake kuna machifu wa vijiji na wa makundi ya vijiji, ambao katika Bushi huitwa barhambo, na wazee wa busara, bashamuka, wanaomshauri na kukata mashauri. Zaidi ya yote, Mwami ana neno kubwa juu ya udongo. Katika Bushi mtu alipata shamba la kurithisha watoto wake kwa kutoa kalinzi, ambayo kwa kawaida ilikuwa ng'ombe, kwa Mwami au kwa chifu wake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, na kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini zitapangiwa utaratibu kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo mkulima wa kawaida akiuliza nani anaweza kuthibitisha shamba lake, jibu bado linapitia kwa chifu na kwa Mwami. Kubadilika kwa Mwami kunaweza kumletea usalama au kumletea hofu. Ndiyo sababu siku ya kusimikwa watu wanasikiliza kwa makini kila neno linalosemwa.

KUTOKA MATANGA HADI KITINI

Kila ufalme una njia yake, na ndani ya njia hiyo kuna mambo ya siri. Siri hizo zina wenyewe, nasi hatuziandiki hapa. Lakini hatua kubwa zinafanana, na zinajulikana na watu wote.

Hatua ya kwanza ni kifo chenyewe. Kwa desturi, kifo cha Mwami hakitangazwi mara moja kama kifo cha mtu mwingine. Wachache wanaohusika wanajulishwa kwanza, ili maziko yafanyike inavyopaswa na kiti kisibaki wazi. Wazee wanaeleza sababu yake kwa urahisi: nchi isiyo na Mwami ni kama nyumba isiyo na mlango, kila mmoja anaweza kuingia. Kuficha kifo kulikuwa njia ya kuzuia ugomvi wa warithi.

Hatua ya pili ni kumjulisha mrithi. Watu wengi siku hizi wanadhani mrithi ni mtoto wa kwanza wa kiume, basi. Desturi za zamani za Maziwa Makuu hazikuwa hivyo. Mrithi hakuwa lazima mkubwa kuliko wote, na jina lake lilitunzwa na watu wachache waliopewa neno na Mwami mwenyewe. Katika nchi nyingi za eneo letu husimuliwa kwamba mtoto wa kifalme huzaliwa akiwa ameshika mbegu mkononi. Maana yake ni kwamba Mwami halisi huja na chakula kwa watu wake, haji na njaa.

Hatua ya tatu ni kazi ya wenye mila. Katika Bushi hao huitwa bajinji. Wao ndio watunzaji wa desturi za kifalme na wa vitu vitakatifu vya ufalme. Jambo la kukumbuka ni hili: bajinji si watoto wa Mwami wala hawawezi kuwa Bami. Wanatoka katika koo nyingine, ambazo zinahesabiwa kuwa zilikuwapo katika nchi hata kabla ya ufalme kuja. Mwana wa Mwami anaweza kuwa na jeshi, mali na elimu. Kama bajinji hawakumsimika, yeye ni mtoto wa kifalme tu.

Hatua ya nne ni kuvikwa. Alama kubwa ya ufalme kwa Bashi na majirani zao ni ishungwe, taji linalofungwa kichwani. Banande nao wana taji lao, embita. Pamoja na taji kuna ngozi ya chui, mkuki, kiti na ngoma. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno ngoma lina maana mbili, chombo cha kupigwa na utawala wenyewe. Anayepokea ngoma amepokea nchi.

Hatua ya tano ni kuonyeshwa kwa watu. Mpaka hapo mambo mengi yalifanyika ndani, kati ya wachache. Sasa Mwami anatoka nje, amevaa ishungwe, na umati unamwona kwa mara ya kwanza akiwa Mwami. Tangu saa hiyo haitwi tena kwa jina alilokuwa akiitwa na wenzake wa shuleni.

KILA UKOO NA KAZI YAKE

Mfano mzuri kuliko yote unapatikana Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Mwanahistoria David Newbury alifanya utafiti kisiwani humo katika miaka ya 1970, na mwaka 1991 akatoa kitabu kuhusu wafalme na koo za Idjwi. Anaonyesha kwamba wakaaji wa kisiwa walitoka pande nyingi, wengine ng'ambo ya mashariki ambako leo ni Rwanda, wengine magharibi na kusini ya ziwa. Nyumba ya kifalme ya Basibula ilikuja na kushika utawala wakati watu wengine walikuwa tayari wamekaa. Ufalme ulijengwaje kati ya wageni na wenyeji kama hao? Njia mojawapo ilikuwa kugawana kazi za mila. Koo mbalimbali zilipewa kila moja nafasi yake katika desturi za Mwami, na kwa kushiriki hivyo zilizidi kujitambua kuwa koo za Idjwi.

Fundisho lake kwetu ni kubwa. Mtu ambaye babu yake alitoka ng'ambo hakuambiwa arudi alikotoka. Aliambiwa: kazi yako katika sherehe ya Mwami ni hii. Siku hiyo, ukoo wake usipokuja, sherehe haiendi. Mgeni amekuwa wa lazima.

Mambo kama hayo tunayaona pia kwa watu ambao jamii imezoea kuwadharau. Kwa Banyanga wa Walikale, Batwa wa msituni wana nafasi yao katika kumsimika chifu, kwa sababu wanahesabiwa kuwa wenye msitu wa kwanza. Siku za kawaida Mutwa ananyimwa shamba, anacheka nani akiketi mbele? Lakini siku ya kumsimika chifu anaitwa. Tunapozungumza na jamii juu ya haki za Batwa, hatuna haja ya kuanza na mikataba ya Geneva. Tunaweza kuanza na swali: kama mababu waliona kwamba chifu hasimikwi bila Batwa, kwa nini sisi tunaona kijiji kinaweza kuishi bila wao?

Mwanamke naye ana kiti chake. Mwamikazi, yaani mama wa Mwami, si mgeni katika utawala. Kwa desturi ya Bushi Mwami hatawali peke yake bila mama yake. Mrithi akiwa bado mtoto, Mwamikazi ndiye anayeweza kushika nchi mpaka mwanawe akue, na Kivu Kusini imewahi kuwa na Bamikazi waliotawala namna hiyo hata katika miaka hii yetu. Wale wanaosema kwamba uongozi wa wanawake ni jambo lililoletwa na mashirika ya Wazungu waulizwe habari za Mwamikazi.

BWAMI BILA MFALME

Isidhaniwe kwamba kila jamii ya Kivu ilikuwa na mfalme na taji. Barega wa Mwenga, Shabunda na Pangi wana bwami, lakini kwao bwami ni chama cha mafunzo na madaraja, si kiti cha mtu mmoja. Mtu hupanda ngazi polepole, akipita daraja kama ngandu na yananio mpaka kindi iliyo juu kabisa. Hupanda kwa kusaidiwa na ndugu zake, kwa kugawa mali na kwa kuonyesha tabia njema. Mafunzo hutolewa kwa methali, kwa ngoma na kwa sanamu ndogo za mti na za pembe ya tembo, ambazo leo zimejaa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Wanawake nao wana daraja zao, na mume hawezi kufika juu bila mke wake kupanda naye.

Utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku bwami mwaka 1948, ukiiona kuwa hatari. Hata hivyo mafundisho yake hayakufa. Tunayataja hapa kwa sababu yanaonyesha wazi jambo ambalo katika falme limefichwa chini ya ngozi ya chui: heshima haichukuliwi kwa nguvu, inatolewa na wengine.

SIKU YA SHEREHE

Habari ya kusimikwa ikishatoka, nchi nzima inajiandaa. Kina mama wanachagua kitenge cha kuvaa pamoja, mara nyingi chenye picha ya Mwami. Ndizi zinaivishwa na kukamuliwa ili kasiksi iwe tayari, na mtama unatwangwa kwa ajili ya pombe ya wazee. Vijana wanafyeka barabara na kusafisha uwanja. Watoto wa nchi wanaoishi Bukavu, Goma, Kinshasa, Lubumbashi, hata Ubelgiji, wanakusanya michango katika mituweli zao, na wanaoweza wanasafiri kurudi nyumbani.

Siku yenyewe makundi yanaingia kila moja kutoka upande wake, na wimbo wake mbele. Kuna wachezaji wenye mikuki na njuga miguuni. Kuna wapiga lulanga, zeze la ubao la Bashi, ambao huimba historia ya nchi na majina ya Bami waliotangulia, na wanajua pia kumwonya mkubwa kwa maneno ya kuzunguka, bila kumvunjia heshima. Kuna kwaya za parokia na za makanisa ya Kiprotestanti, kwa kuwa siku hizi sherehe nyingi zina misa au maombi kabla ya hotuba. Wazee wanapiga makofi taratibu kumsalimu Mwami. Kina mama wanajibu kwa vigelegele.

Halafu zinakuja zawadi: ng'ombe, mbuzi, vikapu vya maharagwe, mitungi ya kasiksi, majembe. Katika Bushi ng'ombe ni zaidi ya nyama na maziwa. Ng'ombe hufunga urafiki na ujirani, na desturi ya bugabire, ya kumkabidhi mtu ng'ombe ili muwe ndugu wa kusaidiana, imeunganisha familia nyingi. Kwa hiyo anayetoa ng'ombe siku ya kusimikwa anasema kwamba anataka uhusiano. Na Mwami anayepokea anapaswa kujua kwamba amefungwa, maana chakula kinachopikwa siku hiyo ni cha wote, na Mwami asiyegawa huitwa mchoyo tangu siku yake ya kwanza.

Sherehe haiishi siku hiyo. Ufalme unafanywa upya kila mwaka pamoja na msimu wa shamba. Bushi inajua mubande, sikukuu ya kifalme ya kufungua wakati wa kupanda. Idjwi inajua muganuro, sikukuu ya mavuno ya kwanza, ambapo Mwami huonja nafaka mpya kabla ya watu wake. Warundi na Wanyarwanda wana sikukuu ya namna hiyo hiyo, yenye jina la ukoo mmoja na hilo. Mpaka ulichorwa na Wazungu katikati ya ziwa, lakini mbegu na mavuno havikuujua.

MWAMI WA MILA NA MWAMI WA LETA

Mpaka hapa tumeeleza kusimikwa kwa mila. Lakini kuna kusimikwa kwa pili, ambako hakuna ngoma wala kasiksi. Kuna karatasi, sahihi na muhuri. Watu wetu wanatofautisha: huyu ni Mwami wa mila, yule ni Mwami wa leta.

Tofauti hiyo ilianza zamani za Wabelgiji. Walitaka Bami watakaokusanya kodi na kutoa watu wa kazi, na aliyekataa aliondolewa. Mwaka 1936 walimtoa kitini Mwami Kabare Rugemaninzi, wakampeleka uhamishoni mbali na nchi yake, na kuweka mwingine badala yake. Alirudi tu wakati uhuru ulipokaribia. Kwa miaka zaidi ya 20 nchi ilikuwa na mtu mmoja kitini na mwingine moyoni. Baada ya uhuru, utawala wa Mobutu ulijaribu kwa muda, kuanzia mwaka 1973, kuwafanya machifu kama watumishi wa serikali wanaoweza kuhamishwa, na haukufaulu. Katika vita vya 1998 hadi 2003 walioshika bunduki waliwabadilisha machifu kadhaa kwa faida yao. Na mwaka 2025, M23 ilipoteka Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, swali lile lile la zamani lilirudi katika vijiji vingi: mamlaka ya kumtambua Mwami ni ya nani?

Sheria ya nchi inasema nini? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila. Inasema kwamba mamlaka hayo hutolewa kufuatana na desturi ya mahali, mradi desturi hiyo isipingane na Katiba, sheria, usalama wa watu wote na maadili mema. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mamlaka ya kimila yana wajibu wa kukuza umoja na mshikamano wa taifa. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu maeneo ya utawala inaeleza kwamba mkuu wa sheferi anateuliwa na desturi, kisha anatambuliwa na kusimikwa na serikali. Na sheria namba 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 inapanga hali ya machifu wa kimila.

Angalia vizuri utaratibu huo. Desturi inateua, serikali inatambua. Serikali haina kazi ya kutafuta mtu inayempenda, na familia haiwezi kusema kwamba karatasi ya serikali haina maana. Hatua hizo mbili zinategemeana kama miguu miwili. Mguu mmoja ukivunjika, mtu haendi mbali.

KITI KINAPOLETA DAMU

Historia yetu ya karibuni ina mifano mitatu ambayo hatupaswi kuisahau.

Wa kwanza ni Kasika, katika sheferi ya Lwindi. Tarehe 24 Agosti 1998 watu wengi waliuawa hapo, wakiwemo waumini na padri wa parokia. Mwami wa Lwindi na mke wake, aliyekuwa mjamzito, waliuawa pia. Wauaji walijua wanachofanya. Kumuua Mwami nyumbani kwake, katika nchi ambayo nyumba nyingine za kifalme zinaitaja kuwa chimbuko lao, ni kutaka kuwaambia watu kwamba hawana tena kichwa.

Wa pili ni Bonde la Ruzizi. Kwa miaka mingi Barundi na Bafuliru wamebishana juu ya sheferi hiyo na juu ya nani ana haki ya kuiongoza. Mwezi wa Aprili 2012 Mwami wa Bonde aliuawa. Kifo chake kilifungua mlango wa visasi, wizi wa ng'ombe na mauaji kati ya majirani waliokuwa wakienda soko moja. Usiku mmoja wa Juni 2014 zaidi ya watu 30 waliuawa Mutarule, wakiwemo wanawake na watoto.

Wa tatu uko mbali na Kivu, lakini unafundisha. Katika Kasai, Jean-Prince Mpandi alirithi cheo cha Kamuina Nsapu, na wakuu wa serikali hawakumtambua. Ugomvi wa karatasi ukawa ugomvi wa silaha. Aliuawa Agosti 2016. Maasi yalisambaa katika majimbo kadhaa, maelfu ya watu walikufa, na zaidi ya milioni moja walikimbia nyumba zao. Mojawapo ya madai ya watu wake yalikuwa kwamba mwili wa chifu azikwe kwa desturi. Kama tulivyoeleza, kusimikwa kunaanza na maziko. Maziko yakikosekana, hakuna mwanzo safi.

Tukiangalia mifano hii pamoja, tunaona kwamba kilichoziletea nchi hizi damu si desturi yenyewe. Ni mtu kujaribu kuvunja au kuruka hatua: aliyetaka kuweka bila wenye mila, aliyekataa kutambua bila kueleza, aliyeona kwamba bunduki inatosha badala ya taji.

TUFANYE NINI?

Kamati za amani, viongozi wa makanisa, vijana na mashirika wanaweza kusaidia bila kujifanya bajinji. Tunapendekeza mambo haya.

Kabla ya kusimikwa:
- Koo zote zenye kazi katika mila zijulikane na zialikwe mapema, pamoja na Batwa na wale wanaoitwa wageni. Ukoo ulioachwa nje leo ndio utakaosikiliza wachochezi kesho.
- Kama kuna warithi wawili, wazee wakae baraza kabla ya kwenda mjini kutafuta uungaji mkono wa wanasiasa. Ugomvi ukishavaa rangi ya chama, ni vigumu kuuvua.
- Kumbukumbu ya baraza la familia iandikwe na kutiwa sahihi, ili hatua ya serikali isichelewe kwa kukosa karatasi.

Wakati wa sherehe:
- Nyimbo za kuwatukana jirani au mrithi aliyeshindwa zisiimbwe. Wimbo wa siku moja unaweza kukumbukwa miaka 20.
- Risasi zisipigwe hewani. Ngoma inatosha.
- Mchango uwe wa hiari. Mjane aliyelazimishwa kuuza mbuzi wake hawezi kufurahi pamoja nanyi.

Baada ya sherehe:
- Mwami mpya atembelee vijiji vyote, na kwanza vile ambavyo havikumtaka.
- Atangaze mapema kwamba mashamba yaliyotolewa kalinzi zamani yanabaki ya wenyewe. Tangazo hilo moja linaweza kuzima hofu nyingi.
- Mrithi aliyeshindwa apewe nafasi ya heshima. Mababu walijua kwamba asiye na kazi mbele ya kiti atatafuta kazi nyuma yake.

Wapo wasomaji watakaouliza kama wakati wa Bami haujapita, kwa kuwa sasa tuna kura na Katiba. Hayo ni maswali halali, na Wakongomani wana haki ya kuyajadili. Lakini hapa vijijini, mkulima mwenye shauri la mpaka wa shamba bado anamwendea chifu kabla ya kwenda mahakamani, kwa sababu mahakama iko mbali na inagharimu. Maadamu hali iko hivyo, namna chifu huyo anavyowekwa ni jambo la amani ya kila siku.

Kwa hiyo, mara nyingine mkialikwa kwenye sherehe ya kusimikwa, furahieni ngoma na kasiksi. Kisha tazameni pia nani amebeba nini, nani amesimama karibu na nani, na kiti cha nani kiko tupu. Mwenye kiti kilicho tupu atafutwe na aulizwe sababu kabla jua halijazama.